Siku moja maishani mwangu Guangzhou: mizigo ya Kariakoo na bakuli la tambi

Saa 12 na nusu asubuhi

Januari ya Guangzhou watu hawaielewi mpaka waje wenyewe. Wanasikia China ya kusini, wanasikia mji wa joto, wanapanda ndege na tisheti. Kumbe baridi ya huku haina barafu ila ina unyevu, inapenya mpaka kwenye godoro, na nyumba za kusini hazina yale mabomba ya joto wanayowekewa watu wa kaskazini kwahiyo ndani na nje ni yale yale tu, unapiga mswaki umevaa koti. Nawasha VPN ili WhatsApp ifunguke maana bila hiyo huku haifunguki, zinaingia meseji mfululizo. Dar wako nyuma yetu masaa 5, saivi kwao ni usiku wa manane, malalamiko yao yote ya jana usiku nayakuta yamejipanga. Dada mzigo wangu umefika godauni? Dada nitumie picha ya boksi. Dada yule wa mapazia kajibu? Hajajibu.

Kwa msionijua, kazi yangu ni kusimamia mizigo ya watu. Mfanyabiashara yuko Kariakoo, anachagua kwenye picha au anakuja mwenyewe, namtafutia duka au kiwanda, nakagua, napokea mzigo godauni, naandika jina lake na namba yake kwenye kila boksi alafu tunauchanganya na wa wenzake kwenye kontena moja. Na mwezi huu ni balaa. Mwaka mpya wa Kichina unakaribia, viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanarudi makwao vijijini, na kila mtu kuanzia Dar mpaka Lubumbashi anataka mzigo wake uwe umeshatoka kabla ya hapo.

Saa 1 na nusu

Kifungua kinywa cha wenyeji wa hapa, Wakantoni, mimi nakisifia kwa mbali. Wana uji wa mchele uliochemka mpaka punje huzioni, wana vile vitambaa laini vya unga wa mchele vya mvuke wanavyovikunja na kuvimwagia sosi ya soya, ila vibanda vingi nguruwe yumo humo humo, na mimi ni mtoto wa Tanga wa Kiislamu, kwahiyo napita. Nachukua hindi la kuchemsha na maziwa ya soya ya moto pale karibu na stesheni ya Xiaobei. Hindi lao lina sukari hiyo! Unatafuna unajiuliza nani kalitia asali. Ndimu hamna, pilipili hamna, basi tunaenda hivyo hivyo.

Saa 2 na robo

Nampitia mteja hotelini, mama mmoja wa mikoba, kafika jana usiku. Mlango unafunguliwa, naona begi lake moja lote ni chakula. Unga wa sembe, dagaa wa Mwanza, maharage, ukwaju, na kijiko cha umeme cha kuchemshia maji ambacho nikamuomba asikiwashe maana hoteli wakikiona ni kesi.

"Mwanangu, mimi chakula cha Wachina sili, nakuambia mapema tusije tukagombana."

"Sawa mama, hatugombani."

Hii kauli nimeizoea. Watu wanakuja huku wiki nzima wanaishi kwa biskuti na machungwa, wanarudi wamekonda, alafu wanahadithia China hakuna chakula. Nchi kubwa namna hii mtu anaisema kana kwamba ina jiko moja! Na lile jiko lenyewe analolifikiria ni wali wa kukaanga na kuku wa sosi nyekundu aliokula siku moja kwenye hoteli ya kitalii Masaki. Ila sibishani na mteja asubuhi.

Saa 3 mpaka saa 6 na nusu

Treni laini ya 5 kituo kimoja mpaka stesheni kuu ya reli, unabadilisha laini ya 2, kituo kimoja tena uko Sanyuanli. Hapo ndo kwenye ngozi na mikoba, majengo kwa majengo. Sitawachosha, soko ni soko. Mama anajua kazi yake kuliko mimi, anaingiza mkono ndani ya mkoba anapapasa mshono wa chini, akikuta gundi badala ya uzi anaurudisha bila kusema neno. Kikokotoo kinapita mkononi kwake, mkononi kwa muuzaji, mkononi kwake. Saa 6 kashakubaliana na maduka mawili na miguu imemvimba, nikamuita teksi arudi hotelini akapumzike, jioni aje godauni kuona boksi zake zikiingia.

Saa 7 mchana

Hapa ndo siku yangu inapoanza kuwa na maana.

Karibu na godauni letu, kwenye uchochoro ambao magari mawili hayapishani, kuna mgahawa wa tambi za Lanzhou. Mkifika mji wowote wa China mtaiona migahawa hii, kibao cha kijani au bluu na maandishi ya halali, meza chache, viti vya plastiki, na ukuta mzima una picha za vyakula zilizopauka mpaka nyama imekuwa ya bluu. Usipojua kusoma unanyoosha kidole. Kulipa unaskani kwa simu kile kimraba cha ukutani. Mtoto wao wa kiume anafanya homuweki kwenye meza ya mwisho na hahami hata mkijaa.

Sasa kitu ambacho wageni wengi hawakijui, hiki chakula sio cha hapa kabisa. Lanzhou iko kaskazini magharibi, mkoa wa Gansu, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka hapa hata ukipaa kama ndege. Na wenye migahawa wengi hata Lanzhou kwenyewe sio kwao, wanatoka wilaya ya Hualong, mkoa wa jirani wa Qinghai, milimani kwenye ukingo wa nyanda za juu za Tibet, Waislamu wa kabila la Kihui wengi wao. Kwao ardhi ni kavu na kilimo chake ni cha mateso, kuanzia miaka ya 1980 wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda miji ya pwani kufungua vibanda vya tambi, anatangulia kaka, anamvuta mdogo wake, anamvuta shemeji, mpaka leo huwezi kutembea mtaa mrefu wa China usikutane nao. Watu wa Lanzhou wenyewe wanalalamika, wanasema hizo za mtaani sio zao, zao za kweli wanaziita tambi za ng'ombe tu, na wanazila asubuhi, ukichelewa kuamka unakuta supu ya siku imekwisha. Huko wanasimulia habari za Ma Baozi, aliyeanza kuziuza mwaka 1915. Mimi sina upande kwenye ugomvi wao. Ila unaelewa kwanini napapenda, mle ndani wote tumetoka mbali kutafuta riziki, mwenye mgahawa na mla tambi.

Naagiza ile ile ya kila siku, tambi nyembamba za supu, nyama niongezewe, kotimiri nyingi. Na nakaa kiti cha kuangalia jikoni.

Bosi ana bonge la unga lililolala chini ya kitambaa. Anakata kipande, anakipaka mafuta, anakiviringisha mpaka kinakuwa mrefu kiasi cha mkono, anashika ncha mbili anavuta mikono inafunguka kabisa, anakunja katikati, ncha mbili anazishika mkono mmoja na kidole cha mkono wa pili anakiingiza kwenye kikunjo, anavuta tena, anapiga ubao paa! unga unaruka, anakunja, anavuta. Ukimuangalia mikono tu bila kuangalia unga utadhani anasokota kamba ya usumba. Hesabu yake inashangaza ukiikaa ukaifikiria, kila akikunja nyuzi zinakuwa mara mbili, 2, 4, 8, 16, akifika mara ya 7 ni 128, na yote hayo hata dakika haijaisha na anaongea na shemeji yake kuhusu mambo mengine kabisa. Anakata vile vincha vya mwisho, anatupa zote sufuriani, anarudi kwenye bonge.

Unga kuvutika vile kuna siri. Zamani walikuwa wanachoma kimmea fulani cha nyika kavu za kule kwao, yale majivu yake wanayasaga wanayatia kwenye maji ya kukandia, siku hizi yanauzwa ya paketi. Bibi yangu angekuambia hayo ni magadi, hakuna cha siri hapo. Ndo inafanya tambi zinyooke bila kukatika na ziwe na ule unjano kidogo, na ukiacha supu ukanusa tambi zenyewe unasikia kiharufu chake kwa mbali.

Bakuli linakuja ni kubwa kuliko kichwa changu. Wenyewe wana sheria ya rangi 5, supu iwe angavu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, kotimiri na majani ya kitunguu saumu yawe ya kijani, tambi ziwe za njano. Supu ni ya mifupa na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa masaa na viungo vilivyofungwa kwenye kitambaa, unaona mpaka chini ya bakuli. Figili imeiva imenyonya utamu wote wa mifupa, mimi hiyo naiacha ya mwisho. Nyama sasa, jamani. Nyama ya migahawa hii ni utani wa taifa zima, imekatwa nyembamba mpaka ukiinyanyua unaona figili upande wa pili, ndomana nalipia nyongeza. Natia siki nyeusi, natia kijiko cha pilipili, kitunguu saumu kibichi nakimenya pale pale mezani kila tambi mbili tatu natafuna punje. Usiniulize harufu, godauni hakuna mtu wa kunusa.

Alafu sasa shughuli. Saa 7 huku ni saa 2 asubuhi Dar. Kariakoo wanafungua milango dakika hiyo hiyo bakuli linatua mezani, simu inaanza kutetemeka mpaka inatembea yenyewe juu ya meza, voisi juu ya voisi. Nimeshajiwekea msimamo, tambi hazisubiri. Ukijibu voisi mbili za dakika tatu tatu ukirudi zimevimba, zimenywa supu, umebaki na ugali wa tambi. Kwahiyo simu naigeuza kifudifudi, Kariakoo yote isubiri robo saa. Mwanzo mvuke unakupanda usoni miwani haioni kitu, mikono inayeyuka kwanza kwenye kuta za bakuli, alafu ule moto unashuka kifuani, na hapo ndo unagundua mabega yako yalikuwa yamepanda karibu na masikio tangu alfajiri. Nakunywa supu mpaka tone la mwisho, na ukiomba wanakuongezea supu bure.

Mke wa bosi akaja kutoa bakuli akaniuliza mwaka mpya narudi kwetu? Nikamwambia tiketi saivi hazishikiki, na nyie je? Akacheka akaonyesha kidole mtoto na madaftari yake, hawaendi popote.

Saa 8 mpaka saa 11 jioni

Godauni. Mvua ile ya manyunyu isiyokata. Kontena la futi 40 lile refu tunalihesabia CBM, yaani mita za ujazo, 68 hivi za kweli, kwenye karatasi linaonyesha 76 ila boksi hazina adabu haziingii kama hesabu, na tayari nimewaahidi watu mpaka kona ya mwisho. Nikapima, tukapanga, vitu vizito chini, vigae vya mtu mmoja wa Mbagala vikakaa sakafuni, taa na plastiki juu. Yule wa mapazia hatimaye kajibu, kaleta boksi pungufu na anasema ndo zote, tukafungua pale pale mbele ya dereva wake tukahesabu nikapiga video, akapigiwa simu, akakumbuka ghafla kwamba zingine ziko kwenye gari la pili. Gari la pili likaja saa 11 kasoro. Vidole sivisikii.

Saa 12 na nusu

Mama wa mikoba akafika kajifunga vitenge viwili na koti la kuazima mapokezi. Boksi zake akazihesabu mwenyewe kwa kidole, akaridhika, akasema sasa mwanangu nirudishe nikasonge ugali. Nikamuuliza, kwa kile kijiko cha umeme? Akanyamaza. Mvua inanyesha, teksi saa hizo hupati, na harufu ya mifupa inakuja moja kwa moja kutoka uchochoroni. Nikamwambia mama tukakae tu pale pa joto tusubiri mvua, sio lazima ule.

Saa 1 usiku

Kitu cha kwanza aliangalia kichwa cha bosi. Kofia nyeupe. Kitu cha pili mke wa bosi na ushungi wake, na yule dada akatoa salamu kwa matamshi yao ya Kihui, maneno yamekunjwa kunjwa lakini salamu alaykum ikasikika, mama akaitikia kwa sauti ya msikitini kabisa mpaka mtoto akainua kichwa kwenye homuweki. Akavuta kiti.

"Wanachinja hawa?"

"Wanachinja mama."

"Sasa tunakula nini? Maana tambi mimi ni za futari, na sukari na iliki, hizo za nyama siwezi."

Nikaagiza dapanji, sahani kubwa ya kuku. Hii sio ya Lanzhou wala ya Qinghai, asili yake ni Xinjiang, kaskazini magharibi kabisa ya China, inasemekana ilivuma kutoka mji wa Shawan miaka ya 1980 na kuendelea kwenye vibanda vya barabarani walipokuwa wanakula madereva wa malori, na ukiiona unaamini, ni chakula cha mtu mwenye njaa ya safari. Kuku mzima kakatwa na mifupa yake, viazi vikubwa, pilipili hoho, pilipili kavu nzima nzima, vitunguu saumu, mchuzi mzito wa kahawia. Inakuja kwenye sahani ya watu wanne.

Mama akachukua kiazi kimoja kwa kijiko. Akakitafuna anaangalia ukutani. Akachukua kingine. Alafu kuku, paja, akaweka kijiko chini akatumia mkono, na mimi hapo nikajifanya naangalia simu maana mtu mzima ukimuangalia sana anaona aibu akaacha. Katikati akashtuka akashika mdomo, ulimi umekufa ganzi, mwanangu hawa wametia nini humu? Nikamuonyesha zile punje ndogo za pilipili ya Sichuan, hiyo haiwashi inatia ganzi, itapita. Akaichambua moja akainusa, akaiweka kwenye leso yake. Sijui anaenda kufanya nayo nini.

Akafika mahali akasema kilio chake cha kweli, kwamba mchuzi huu wote unapotea hamna cha kuchovyea, laiti tungekuwa na ugali. Hajamaliza sentensi bosi mwenyewe akatoka jikoni na bakuli la tambi pana, pana za vidole viwili, akazimwaga zote juu ya ule mchuzi akageuza mara mbili tatu na kijiko, akaondoka. Ndo inavyoliwa, tambi zinakuja mwisho kufagia mchuzi. Mama akaniangalia.

"Kumbe wana akili."

Tambi za nyama ambazo hawezi akazila mpaka nikaanza kuvutana nae kwa upande wangu wa sahani. Katuambia habari za mikoba ya mwaka gani sijui iliyozama bandarini, kaniuliza mama yangu wa Tanga anaumwa nini, kanisema kwanini nimekonda. Chai ya bure ikaja mara tatu. Mvua ilishakata zamani hatukuigundua.

Bili yuan 80. Hapo biashara ikaamka.

"Mwambie 60."

"Mama hapa sio sokoni."

"Mwambie tu."

Nikamwambia mke wa bosi, kwa aibu, akacheka mpaka akaegemea friji. Bei haikushuka hata sumni, ila akaingia jikoni akatoka na tambi nyingine mpya kwenye kikopo cha kubebea, na mchuzi uliobaki akaukomba wote akaufunga pembeni. Mama akazipokea kwa mikono miwili, akasema huyu mwanamke ni mfanyabiashara.

Saa 4 usiku

Nyumbani, soksi mbili mbili, naandika orodha ya kontena, jina, namba, boksi ngapi, CBM ngapi. Kesho linafungwa. Dar ndo kwanza saa 11 jioni, wako moto, najibu zile voisi za mchana moja moja.

Saa 5 kasoro ikaingia ya mama. Kaimaliza ile ya kwenye kikopo, imepoa lakini kaimaliza, saivi anatafuta maji ya kunywa, na anauliza kesho tunaenda pale kabla ya soko au baada ya soko. Nikamjibu kabla, mchana panajaa.